Kitendawili Nilichokataa Kukitegua

Harufu ya gundi ya ngozi ndiyo inayonirudisha Mkunazini. Si karafuu wala udi. Hizo nawaachia wageni. Nyumba yetu ilinuka gundi, turubali na mafuta ya cherehani, na katikati ya ukumbi wa juu, mahali ambapo watu wengine wangeweka kochi, palikuwa na viti vya ndege. Mama yangu, Bi Salma, alikuwa fundi cherehani. Alianza kwa mabuibui na foronya kama wenzake, kisha siku moja fundi mitambo wa uwanja wa ndege akamletea kiti kilichopasuka, akamwomba akijaribu. Kiti kikarudi uwanjani kizuri kuliko kilivyozaliwa, na tangu hapo karibu kila kiti cha ndege ndogo kilichochanika Unguja kilipandishwa ngazi zetu. Baba alikuwa ameshafariki, na sindano ile ndiyo iliyotulisha. Mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Mimi nilitunga uzi, nilipaka gundi, na nilikalia kila kiti kilichokamilika nikijifanya abiria mgumu wa kuridhika.

Nilikuwa na miaka tisa kipupwe kile walipotua wazee wa Kizungu waliokuwa wakizunguka Afrika na ndege za kale, nyingine za mbao na vitambaa, kwa starehe tu. Mmoja wao, mwenye masikio mekundu kama embe bolibo lililoiva, alileta kiti chake kwa mama. Alipokuja kukichukua alikifurahia mno hata akatuachia sanduku la bati lililojaa picha. Zote zilikuwa za vyumba vya marubani, zimepigwa kutoka ndani: usukani, dira, saa na mishale yake, bila bawa wala mkia. Jina la ndege liliandikwa nyuma ya kila picha. Mama hakusoma herufi za Kizungu, alisoma zile za Kiarabu alizofunzwa chuo cha Kurani, basi nikamsomea majina moja moja naye akayaandika upya kwa herufi zake, kwa kalamu ya risasi, akinisahihisha matamshi kana kwamba yeye ndiye aliyeziunda ndege hizo.

Mchezo wetu ulizaliwa hapo. Baada ya sala ya alasiri, vidole vikimuuma, mama aliweka sindano chini na kuchomoa picha moja, jina kalifunika kwa kiganja. "Kitendawili!" Nami huitika, "Tega!" Naye husema, "Nnakaa peke yangu puani, madirisha yamenizunguka, abiria wote wako nyuma." Hiyo ni Rapide. Yenye dira kubwa katikati ya magoti na bomba la mpira la kusemezana na mwenzako wa mbele ni Tiger Moth. Yenye usukani mmoja unaoweza kupinduliwa ukampa jirani yako ni Bonanza ya zamani. Nikishindwa, alidai mji kama desturi ya vitendawili ilivyo, nami nikampa Makunduchi au Pemba, akasimulia alivyokwenda huko na alivyokula, ndipo akafunua jina. Mwisho wa kipupwe nilizijua takriban zote. Ndege zenyewe, kwa nje, nyingi nisingezitambua hata zingeniangukia darini.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria moja ambayo mama aliirithi kwa mama yake: mwenye kutega haondoki mpaka kitendawili kiteguliwe au apewe mji. Siku moja nilinyamaza makusudi, jibu ninalo, kwa ujeuri tu. Wali ukaungua jikoni, moshi ukatufuata ukumbini, na mama kaketi palepale mkekani anacheka. "Mtegaji haendi popote," alisema. "Utakula ukoko, shauri yako." Tuliula ukoko ule, na mimi nikaiamini sheria ile kama nilivyoamini kwamba jua hutoka mashariki.

Kisha miguu ya mama ikaanza kuvimba. Alipanda ngazi akipumzika kila kipago, na usiku alilala ameketi. Daktari akasema moyo umetanuka, apelekwe Dar es Salaam haraka, na asiende kwa boti kwa sababu bahari ilikuwa imechafuka. Kapteni Machano, rubani ambaye mama alimshonea viti mara nyingi, akajitolea kumpeleka kwa ndege kuukuu ya tajiri wake, na mama mdogo Zuwena, mdogo wake mama, akaenda naye kumuuguza. Sikupewa nafasi. Viti viwili vya nyuma, alivyovishona mama mwenyewe, viling'olewa kupisha machela, vikawekwa juu ya lami.

Niliruhusiwa kuingia kumuaga. Alikuwa amelazwa nyuma ya rubani, uso ameuelekeza mbele, anavitazama vile vyombo tulivyozoea kuviona kwenye picha. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Akatabasamu.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," nikaitika kwa mazoea.

"Nnatiwa oili..." Akavuta pumzi. "Nnatiwa oili humu humu ndani, kama birika."

Hakikuwapo kitendawili chepesi kuliko hicho. Ilikuwa Beaver, ndege ambayo rubani anaweza kuiongezea oili ya injini akiwa amekaa kitini pake, na ni mimi niliyeuona mdomo wa oili kwenye picha kabla ya mama. Jina lilinijaa kinywani. Nikafumba mdomo. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na sheria: nisipojibu, haondoki.

"Basi nipe mji, mwanangu."

Nikatikisa kichwa.

"Bi Salma, wingu linatukaribia," Kapteni Machano akasema.

"Ngoja kidogo, Kapteni. Mwanangu anafikiri."

Akaningoja. Naye rubani akangoja, mkono wake ukiwa juu ya swichi. Mwishowe fundi mitambo alinishika bega, akaniteremsha taratibu, mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye kimoja cha vile viti juu ya lami nikiitazama ndege ikienda mwisho wa uwanja, nina hakika itageuka na kurudi, maana kitendawili kilikuwa bado. Ilipoinuka nilipiga ukelele wa jina lile, lakini injini ya Beaver haimsikii mtu.

Mama alifariki siku ya tatu, akazikwa huko huko Dar. La kuvunda halina ubani. Mama mdogo Zuwena alirudi na kanga za mama, akanilea vizuri, Mungu amlipe. Lakini siku ya hitima, bila kujua anachonifanyia, alinambia kwamba mama hospitalini alimuuliza mara mbili: "Yule mtoto hakujua kweli, au kanikasirikia?" Nilikwenda chooni nikalia mpaka nikatapika. Sikumweleza mtu, kwa kuwa ningemwelezaje mtu mzima nilichotaka kufanya?

Sasa ninaishi Michenzani, ghorofa ya nne, nimempita mama umri kwa miaka sita. Nyumba ya Mkunazini imekuwa hoteli ya wageni, na ukumbini wameweka kochi. Viti vya ndege havishonwi tena mtaani. Wanangu hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Wanaiuliza simu, nayo haiwadai mji. Katika simu hiyo hiyo kuna kikundi cha watu wa nchi mbalimbali wanaowekeana picha za vyumba vya marubani wa ndege ndogo za zamani, anayeitambua anaandika jina. Mimi ni mwepesi sana humo. Mwezi uliopita mtu nisiyemjua aliweka picha ya Beaver, na kabla chai yangu haijapoa nilikuwa nimeshamjibu, naye ameshanishukuru.

Ni neno fupi. Linatamkwa kwa nusu ya pumzi. Mama alikuwa na pumzi chache siku ile, na alizitumia kuniuliza mimi.