Kitako cha Bunduki na Mafuta ya Sangara

Mimi nimezaa, nimezika, nimekaanga samaki pale mwaloni, sokoni kwa samaki, mpaka nikadhani nitaota magamba, na katika yote hayo sijawahi kufunika uso kwa kanga mbele za watu, isipokuwa siku moja tu, na siku hiyo niliufunika kweli, tena mguu mmoja ukiwa mtupu. Najua mmeshasikia kwa wengine, na wameongeza chumvi, na mimi nguvu ya kubishana sina tena, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu jinsi lilivyokuwa.

Kwanza mjue kazi ya mikono yangu. Mimi huchonga vitako vya bunduki. Msishtuke. Kitako ni ule mti wa nyuma unaokaa begani, na huo mti ndio pekee ninaoushughulikia. Chuma sikigusi wala hakivuki kizingiti changu. Mwenye bunduki yake na kibali chake huniletea kitako cha zamani kilichopasuka, mimi natazama, napima, nachonga kipya, naye anakwenda kukifunga huko anakojua yeye na hao waliomruhusu. Nilijifunza kwa baba yangu, aliyekuwa akiwatengenezea wazee wa kijijini wenye magobore ya kufukuzia nguruwe pori (shule hakunipeleka, alisema mikono yangu ina akili kuliko kichwa, nikakasirika, siku hizi naona alikuwa na haki kwa nusu). Siyo biashara. Wengine wakizeeka wanafuga kuku, mimi napenda mninga. Nyuma ya nyumba yangu, huku Nyakato, Mwanza, nina kigoda, patasi, tupa, msasa na vipande vya mninga wanavyonitupia mafundi samani, na nikikaa pale magoti yanaacha kuuma, au yanauma ila siyasikii.

Sasa, nina mjukuu, Kabula, niliyemlea tangu mama yake alipofariki akiwa bado ananyonya. Akachumbiwa na kijana wa Kihaya, Deus, mtoto mpole mwenye viatu visafi. Baba yake Deus, Mzee Projesti, ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa miwani na koti hata jua likichoma, na siku zote nilipokutana naye aliongea nami polepole, kama mtu anayemsomea mtoto maandishi ya ubaoni. Hilo lilinikera. Lakini aliyenikera zaidi alikuwa wa kwetu, shemeji yangu Masanja, mdogo wake marehemu mume wangu. Wakwe walipotualika chakula cha mchana huko Pasiansi ili familia zifahamiane, na pale ndipo ijulikane nani atasimama kumtoa Kabula siku ya harusi, Masanja akasema mbele ya ukoo wote, "Shemeji, wewe utakaa, mimi nitasema. Wale ni watu wa vitabu."

Nikamjibu, "Ulimwogesha Kabula lini, Masanja?"

Akarekebisha tai lake la kijani, akanitazama kama mtu anayesubiri uanguke.

Basi nikataka kitu cha kumfunga mdomo. Na kitu kilikuwepo. Mzee Projesti alirithi bunduki ya baba yake, ya kuwinda kanga wa porini, imeandikishwa vizuri, na kitako chake kilikuwa kimevunjika shingoni, pale mti unapokuwa mwembamba. Deus alikuwa ameninong'oneza kwamba baba yake anaitazama ile bunduki kama mtu anayetazama mgonjwa. Nikamwambia, niletee huo mti uliovunjika, na umpime baba yako kwa uzi kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole, uniletee na uzi. Maana kitako hakipimwi kwa bunduki, kinapimwa kwa mtu. Nikauliza anatumia mkono gani. Wa kushoto. Shingo? Ndefu. Basi nikachonga kitako cha mtu wa mkono wa kushoto mwenye shingo ndefu, nikakiinua upande wa kulia ambako shavu lake lingelala, nikachora mkungu wa ndizi upande mmoja na pembe za ng'ombe upande wa pili, wao watu wa migomba na sisi watu wa ng'ombe, na nilipomaliza msasa wa mwisho nilikikalisha mapajani nikakiangalia tu, bila haya. Sijawahi kuchonga kizuri kama kile. Nawaambia ukweli, na mnajua mimi kujisifu sioni aibu.

Ilibaki mafuta.

Baba alitumia mafuta ya nyonyo, unayapasha moto, unasugua kwa kiganja mpaka mti ushibe. Nyonyo zangu zilikuwa zimekwisha. Mama anayeziuza yuko sokoni mjini, na siku ile nilikuwa nimechoka, si kuchoka kwa kulala ukaamka, ni ule uchovu wa mifupa, nikafikiria kwenda, kusimama, kurudi, kisha nikatazama pembeni mwa jiko, nikaona kopo la mafuta ya sangara, yale yanayoyeyuka tumboni mwa samaki mnene ukimkaanga. Nikasema, mafuta ni mafuta.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nikayapasha, nikasugua, mti ukanywa. Nikasugua tena, ukanywa tena, mninga ule ulikunywa kama mlevi wa sikukuu, na ukawa unang'aa mwekundu mpaka nikajiona kwenye ubapa wake. Kabula akarudi kutoka kazini, akasimama mlangoni.

"Bibi, hicho kitako kinanuka."

"Mninga ndivyo unavyonukia."

"Mninga haunuki mwaloni, Bibi."

Mimi sikusikia kitu. Pua yangu niliiacha kwenye karai la samaki miaka mingi iliyopita, hata gesi ikivuja naambiwa na jirani. Lakini kwa kuwa aliendelea kukunja uso nikakisugua kwa limao. Akanusa, akatikisa kichwa. Nikakitundika juu ya moshi wa majani ya mkaratusi, kutwa nzima, nikipuliza moto na macho yangu haya mabovu yakitiririka machozi.

Akanusa tena. "Sasa kinanuka samaki wa kubanika."

"Basi umeona? Tumesogea mbele."

"Bibi, tukiache. Tupeleke zawadi nyingine."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini akilini nilimwona Masanja akisimama mbele ya wakwe na lile tai lake la kijani, anamtoa mtoto wangu kama anayemtoa mbuzi zizini, nikasema, mwanangu, kitako kinakwenda. Nikakinyunyizia manukato yaliyokuwa yamebaki chupani, nikakifunga ndani ya kitenge kipya.

Pasiansi walituweka uwanjani, nyuma ya nyumba ya ndugu yao, ziwa unaliona hapo chini. Turubai lilifunika meza ya wakubwa tu. Sufuria la ndizi, ndizi zao zile wanazoziheshimu kuliko watu wengine wanavyoheshimu nyama, lilikuwa wazi juu ya meza ya pembeni likifuka, na mama yake Deus analizunguka na mwiko kama mlinzi. Jua lilikuwa kali. Kwenye ukuta walikuwa wametua korongo, wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, wanasubiri mabaki kama wanavyosubiri kila mahali Mwanza penye samaki. Sikuwajali. Nani anawajali wale?

Nikasimama kabla Masanja hajakohoa. Nikasema, "Wakwe zangu, mimi sikusoma. Huyu binti amekulia kwenye vumbi la mbao na moshi wa jiko langu. Sina karatasi ya kuwaonyesha, nina hiki." Nikamkabidhi Mzee Projesti kile kitenge kwa mikono miwili, nimepiga goti kidogo.

Akafungua. Mzee akavua miwani. Akapitisha kidole kwenye mkungu wa ndizi, akakigeuza, akaona pembe, akarudi kwenye mkungu mara ya pili, nawaapia, mara ya pili. Kisha akasimama, akakipachika bega la kushoto na kulaza shavu, na shavu likaenda lenyewe mahali pake. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nikamtazama Masanja. Nilimtazama vizuri, kwa raha zangu zote.

Ila mzee hakuliinua shavu. Alibaki vilevile, na nikaona tundu za pua zake zinatanuka na kusinyaa. Alipojitoa, shavu lilikuwa linang'aa, na kwenye bega la koti palikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Jua lilikuwa limeyeyusha kila kitu nilichokuwa nimeunywesha ule mti.

Mkewe akasogea, akanusa. "Baba Deus, umekula samaki kabla ya wageni?"

"Sijala kitu," akasema mzee, kwa adabu nyingi sana.

Paka wa kwanza akatoka jikoni. Akajisugua kwenye mguu wa mzee. Akaja wa pili, na wa tatu mwenye sikio bovu, akapanda suruali ya mzee kwa kucha, mzee akaruka, kitako kikaponyoka, kikaanguka juani, paka watatu wakakivamia wakilia kama watoto wachanga. Wakati bado tunasema "shii, shii," korongo mmoja akashuka ukutani. Hakuwa na haraka. Alitembea katikati ya wageni kama afisa aliyekuja kukagua, paka wakakimbia, wanawake wakakimbia, akakibana kitako palepale penye shingo kwa lile domo lake, akaanza kukiburuta kuelekea ziwani.

Kazi yangu! Ule mkungu wa ndizi ukikwaruzwa na changarawe! Sikufikiri. Nilivua kiatu cha kushoto nikamrushia.

Korongo aliinamisha kichwa tu.

Kiatu kilipita juu yake, kikapita mbele ya mama yake Deus aliyekuwa ameshika mwiko, kikatua katikati ya sufuria la ndizi. Kikasimama wima kidogo. Kisha kikazama.

Wote waligeukia sufuria. Hata korongo alikiachia kitako akatazama. Na Masanja akarekebisha tai lake, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji, tunakusikiliza. Endelea na hotuba."

Hapo ndipo nilipofunika uso.

Tulikula wali na maharage yaliyokuwa ya vijana. Mama yake Deus alikirudisha kiatu kimeoshwa, kwenye sinia, kama mtu anayeleta chai, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Kabla ya kuondoka Masanja na wakwe walinong'ona pembeni, na nikajua ni nani atasema siku ya harusi. Njiani Kabula aligeuza uso upande mwingine. Nyumbani alikaa kwenye kigoda changu, nikadhani analia, mabega yanamcheza, nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu, nimekuharibia." Akainua uso, kumbe anacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki, akasema, "Mimi nataka useme wewe, Bibi. Sitaki kutolewa na mtu mwingine."

Sikulala vizuri siku nyingi. Kile kitako kilikuwa kimerudi nasi, kina alama za domo, na kila nilipokiona nilitamani kukitia jikoni kikaivishe maharage. Sikukitia. Nilikipara mpaka mti mtupu. Nikakichemsha kwa majivu, nikakianika kivulini, kikatoa mafuta, nikakipara tena, kikatoa tena, mikono ikavimba, na kwa kuwa pua sina ilibidi kila jioni Kabula anuse na kusema bado. Bado. Bado. Siku aliposema "mninga" nilikwenda sokoni kwa miguu yangu hii nikanunua nyonyo, nikasimama jua lote nililokwepa mwanzo. Alama za domo sikuzitoa. Zilikuwa zimeingia sana, na tena nilikuwa nimechoka.

Nikampa Deus habari, na Mzee Projesti alikuja mwenyewe kukichukua, Deus akiendesha gari. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mkwe wangu." Safari hii hakuongea polepole. Alikishika, akakinusa mbele, akakinusa nyuma, kama mtu anayechagua samaki, mimi nimeinama nahesabu vidole vya miguu yangu. Kisha akalaza shavu.

"Kimenikaa," akasema. "Baba yangu mwenyewe alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na hakuna aliyewahi kumtengenezea." Akagusa zile alama za domo, akaguna. "Siku ya harusi utasema wewe. Ndugu yako Masanja nitamweleza mimi."

Nikapiga goti kumshukuru. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Nikaona kitako hakukiweka kitini, alifungua buti, akakilaza huko juu ya gazeti, akafunga, akajaribu kama imefunga kweli. Sikumlaumu.

Na nilisema, siku ilipofika. Nilisimama nikamtoa Kabula kwa maneno yangu, Masanja amekaa mstari wa pili na tai lake, na hakuna ndege aliyetua. Ila nawaambia, ndizi zilikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na mama yake Deus amekaa kwenye kizingiti. Nami tangu hapo kopo la nyonyo halikauki kwangu, kitako nikimaliza ananusa mtu mwingine na akisema bado ni bado, na nikialikwa kwa wakwe navaa viatu vya kufunga kamba.