Mkanda Uliopima Mbio za Mama

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye uwanja wa sekondari moja kule Kanoni, Karagwe. Wanafunzi walikuwa wakijaribu kifaa walichokitengeneza wenyewe: mkanda mdogo unaofungwa juu ya kifundo cha mguu, unaopima kasi ya mkimbiaji na kuionyesha kwenye simu. Waliwaomba wazazi waliokuja kikaoni wawajaribie. Wazazi wakacheka tu.

Mama mmoja, mkulima wa kahawa, akajitokeza. Akavua kandambili na kukaza kitenge kiunoni.

"Shikamoo mama," alisema binti aliyekuwa akimfunga mkanda. "Uliwahi kukimbia?"

"Marahaba. Nilikimbia mpaka mashindano ya mkoa, mwanangu. Kisha nikaolewa."

Akatoka mbio. Hatua za kwanza zilikuwa za aibu, halafu miguu ikakumbuka, na vicheko vya wazazi vikakatika. Aliporudi akihema, binti alimwonyesha simu. Mama akaitazama kwa muda mrefu.

"Hiki hakiwezi kuniambia nilikuwa na mbio kiasi gani nikiwa msichana?"

"Hapana, mama. Kinapima za leo tu."

Akaupapasa ule mkanda kwa kidole, taratibu.

"Basi usinifungue. Ngoja nipumue, nirudie."

Na kweli alirudia, peke yake, wazazi wenzake wakiwa wameshaingia kikaoni.

Wanafunzi walituomba sisi tuliobaki tukitazama tuwaambie kasoro za kifaa chao. Mimi niliiona moja tu: kimechelewa sana kufika Kanoni.