Maji na Spiriti Vikishikana

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinipa silinda za kupimia, akaniambia nipime maji mililita hamsini na spiriti hamsini, nichanganye, kisha nimsomee jibu. Kiwanda chetu kilikuwa Temeke. Kilitengeneza spiriti ya hospitali, ile anayokupaka muuguzi kabla ya sindano. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi wa maabara, najiona nimeiva. Nikachanganya, nikainama macho yalingane na alama.

“Haijafika mia, mzee.”

“Umemwaga?”

“Hata tone.”

“Basi imekwenda wapi?”

Silinda ilikuwa imepata joto mkononi mwangu, na hapakuwa na moto karibu.

Mkuu alikuwa mtu wa Lindi, mpole, hajui kupandisha sauti. Alivuta kiti akanieleza habari za molekuli, chembe ndogo kabisa za kitu. Katika maji, oksijeni huvutia elektroni upande wake, haidrojeni ikabaki na hamu ya oksijeni ya jirani. Spiriti nayo ina ncha ya namna hiyo hiyo. “Zikikutana zinashikana. Ndiyo bondi ya haidrojeni. Zinabanana, nafasi inapungua, joto linatoka. Hakuna kilichopotea, binti. Pima uzito.”

Nikapima upya, kabla na baada ya kuchanganya. Uzito ulikuwa haujapungua hata chembe.

Baba yangu, mzaliwa wa Dar na mtu wa swala tano, alikuwa haipendi kazi ile. “Ndiyo unakwenda kupika pombe?” aliniuliza asubuhi. Jioni nilimsimulia nilichokiona. Akasema taratibu, “Subhanallah. Na umeona kwa macho yako?” Hakuniuliza tena habari za pombe.

Baadaye nilihamishiwa chumba cha mitambo, ambako tulichemsha mchanganyiko na kuupoza mvuke ili kupata spiriti kali. Msimamizi wa Mitambo alikuwa mama mmoja mkali. Mie nilitaka kuitoa spiriti isiyo na maji kabisa, nikachemsha na kuchemsha, lakini kipimo kiligoma kidogo juu ya asilimia tisini na tano.

“Acha kuchosha mtambo,” aliniambia. “Hapo maji na spiriti vinapanda mvuke pamoja. Kwa kuchemsha tu huvitenganishi.”

Kisha nikapelekwa bohari, na huko ndiko nilikoona kubwa zaidi. Mtunza bohari alikuwa Tatu, msichana wa rika langu. Mchana mmoja gari la kunyanyulia mizigo lilitoboa pipa, spiriti ikatapakaa sakafuni, cheche ikaidaka. Moto wa spiriti kwenye mwanga wa mchana hauonekani. Tuliona hewa ikitetemeka tu, na maboksi yakigeuka meusi yenyewe. Tatu alikuwa nyuma ya moto, ukutani, hana mlango wa kutokea.

Nilichukua mpira wa maji. Mwenzetu mmoja akanidaka mkono. “Usitie maji! Utausambaza!” Alikuwa ameona moto wa petroli, na kwa petroli alikuwa sahihi, maana huelea juu ya maji ikaendelea kuwaka.

Hapo nikamsikia Mkuu wa Maabara akipiga kelele, mara ya kwanza na ya mwisho. “Hii si petroli! Inashikana na maji! Nyunyizia, mengi, usiache!”

Nikanyunyizia. Joto lilikuwa usoni kama tanuri, kisha likalegea, likarudi nyuma, na kile kisichoonekana kikawa hakipo. Spiriti ilikuwa bado sakafuni, ila maji yalikuwa yameishika kila upande, ikawa haiwezi tena kuwaka. Tatu alitembea juu ya maji hayo hayo akatoka, mguu mmoja umeungua, analia na kucheka.

Mkuu aliketi chini pale pale kwenye maji, suruali yake imelowa. “Umeona, binti?” alisema. Nilitikisa kichwa kukubali.

Sasa nimestaafu, naishi Bunju. Nyie mnaoingia maabara leo mna mashine zinazosoma kipimo zenyewe, na mna haki ya kuzifurahia. Mie nilifundishwa vitu hivi hushikanaje. Kwa nini viliumbwa hivyo, sikufundishwa, na bado najiuliza.

Tatu hunitembelea Ijumaa, anachechemea kidogo. Huja na wajukuu wake watatu, wanakimbizana uani mpaka jua linazama. Siku ile ya moto, mama yao alikuwa hajazaliwa.