Ada ya Alhamisi kwa Mwalimu wa Kinorwei

Kinorwei changu chote kilimgharimu bibi nazi thelathini na mbili. Nimehesabu mara mbili: Alhamisi kumi na sita, nazi mbili kila Alhamisi. Nilizikumbuka juzi, binti wa mwalimu aliponiandikia kutoka kwao Norwei. Mama yake amepooza upande mmoja na hasemi tena. Daktari kashauri asikizwe mambo ya zamani, huenda ulimi ukafunguka. "Kama unayakumbuka yale maneno marefu," akaandika, "yarekodi unitumie."

Nayakumbuka. Mwalimu alikuwa mama mstaafu, kapanga chumba kwa jirani yetu kule Barani. Mimi nilitaka maneno ya kuwauzia shanga watalii wa ufuo wa Kikambala. Akanikalisha uani kwetu, harufu ya samaki wa kupaka ikitoka jikoni. Wanorwei, rafiki yangu, huunga maneno mawili matatu yakawa moja, kisha hukikandamiza kipande cha kwanza, vingine vikafuata kwa unyonge. Sisi twatilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, basi kila neno nililipindua. Mwalimu akapiga makofi: ko-kos-nøtt, yaani nazi, kofi zito, jepesi, jepesi. Sikushika. Bibi alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Akasikiliza, akabadili mkuno: mmoja wa nguvu, miwili ya kupapasa. Hapo nikashika. Bibi hakujua hata neno moja la Kinorwei, ila mapigo alikuwa nayo yeye.

"Chuo cha Kurani twalipa ada Alhamisi," alisema, "na huyu naye ni mwalimu." Basi nikapeleka nazi. Mwalimu akizipokea kwa mikono miwili.

Siku aliyofunga virago tulienda kumsaidia, tukazikuta nazi uvunguni mwa kitanda, zingali na makumbi, nyingine zimechipua. Hakuwa na kifuo, ule mti wa ncha wa kuzifulia makumbi, na aliona haya kusema.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "miezi minne umelalia mchuzi wangu?"

"Niliogopa kukukosea, mama."

"Na hivi hukunikosea? Ungenena, ningekufulia."

Nilizihesabu, nikarudia: thelathini na moja. Ile moja iliyopungua, mwalimu alijaribu kuipasua kwa nyundo. Wakacheka mpaka wakaketi sakafuni.

Bibi alishafariki. Uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, na tui twanunua la pakiti. Nilipita pale juzi, sikuhisi kitu. Nikarudi nyumbani, nikarekodi maneno kumi na mawili, nikayasikiliza mara mbili. Silabi zimekaa sawa, mkazo umekaa sawa, lakini sauti ni ya mtu anayemtajia bei mteja asiyenunua.

Sijaituma. Mwalimu hajaambiwa habari ya kifo cha bibi, hakuna aliyethubutu. Akiisikia sauti hii, atajua.

Binti yake ameuliza tena leo asubuhi. Nipe shauri, rafiki yangu: niitume ilivyo, au nimjibu kwamba nimesahau?