Mche wa Mkulo na Nondo wa Mahindi

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi juu kidogo ya kijiji cha Gare. Mwaka juzi niliwapa darasa la sita kazi niliyoiona ya maana: walinganishe kiumbe kinachotoweka na kingine kilichojaa kila mahali. Nilichagua mkulo, mti wa mbao zenye harufu ya kafuri, na nondo anayezaa viwavi wa mahindi. Nikawaambia, "Atakayepata mfano aje nao."

Kesho yake nondo waliletwa kwenye chupa na makopo. Msichana mmoja mkimya alileta mche wa mkulo, urefu wa goti, mizizi imefungwa kwa jani la mgomba. Nilimwita mbele, wenzake wakampigia makofi. Nikaeleza kwa madaha kwamba nondo hutaga mamia ya mayai na kufa baada ya siku chache, ila mkulo huchukua umri mzima wa mtu kukua, na msumeno huumaliza asubuhi moja. Mche wenyewe ulikuwa mezani, kwenye jua la dirishani.

Mchana bibi yake yule msichana akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuulizia mche wangu."

Alinieleza taratibu. Mkulo wa babu yao ulikatwa zamani, na mche huo ulichipua kwenye mizizi yake. Alikuwa ameuzungushia miiba mbuzi wasiule.

Mjukuu wake alisimama mlangoni, ananitazama. Ningeweza kusema niliagiza mimi. Badala yake nilisema, "Watoto, bibi. Hawaelewi wanachoambiwa."

Bibi alimgeukia. "Si ulisema mwalimu ndiye aliyeagiza?"

Msichana aliinamisha kichwa. Nami nikageukia chupa za nondo, nikaanza kuzipanga.

Jioni nilikwenda kwa bibi kuupanda tena mche mwenyewe. Nilichimba, nikamwagilia, na hapo ndipo nilipomwambia bibi ukweli. Alisema amenisamehe, kisha akaniuliza, "Na mtoto umemwomba radhi?"

Sikuwa nimemwomba. Mche ulikauka kabla ya mwezi kwisha, na yule binti hakunyoosha mkono tena darasani kwangu. Nilijiambia nitamwomba radhi mbele ya wenzake, palepale nilipomsifia. Kila Jumatatu niliona si siku nzuri.

Nilimwomba radhi siku ya mwisho wa muhula, uwanjani, tukiwa wawili tu.

"Hamna shida, mwalimu," alisema, kwa adabu ileile anayomsalimia nayo mgeni.