Mtoto Niliyepewa na Mahakama

Mume wangu alipomvua askari kofia na kusimama nayo darajani Ruiru akiongoza malori ya mkonge, nilijua sasa tumefika. Alikuwa amelewa chakari. Waliokuja kunieleza kwamba aliongoza vizuri kuliko askari mwenyewe hawakunisaidia kitu. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kushikwa kwa ajili ya pombe, na hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, ambapo kofia ya askari haikuwa kitu cha kuchezea. Kila mtu alituambia ni miezi sita. Akifungwa, kazi yake kwenye kiwanda cha mbao cha Kalasinga ingekwenda, na chumba tulichopewa kwa sababu ya kazi hiyo kingeifuata. Mimi na watoto tungerudi kwa mama yangu, ambaye hakumpenda mtu huyu tangu siku ya posa na angenikumbusha kila asubuhi nikichambua maharagwe.

Watu hudhani mke wa mlevi hushinda akilia. Mimi nilikuwa na hasira, na ndiyo niliyokwenda nayo mahakamani Thika.

Hasira ilizidi nilipomwona mkalimani. Alikuwa wa rika moja na mume wangu, na walikunywa pamoja kila mwisho wa mwezi. Nikimpa maneno yangu ayapeleke kwa hakimu, yangefika nusu, tena yakipepesuka. Basi nikasema sitaki mkalimani, nitasema Kiswahili mwenyewe. Kiswahili changu nilikipata sokoni, nikiwauzia akina mama wa Kihindi nyanya na dania. Kilitosha kabisa kwa kugombana. Kuombea kitu, sikuwa nimewahi kukijaribu.

Hakimu alikuwa Mzungu aliyekaa sana Pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Aliniuliza nina neno gani kabla hajamfunga mtu huyu.

“Bwana hakimu, huyu usifunge,” nikasema. “Ukifunga, atatoka na kiu ya miezi sita. Huyu arerewe.”

Sasa, sisi Wakikuyu na ile l hatukuzaliwa pamoja. Ikifika mdomoni inageuka r, hata ukiibembeleza. Nilitaka kusema alelewe, vile mtoto mchanga hulelewa. Hakimu alisikia lingine.

“Alewe?” akauliza.

“Ndiyo, bwana. Nyumbani kwangu, kira siku, mpaka apone.”

Mahakama ilicheka hadi yule askari wa darajani akalazimika kuishika kofia yake. Hakimu hakucheka. Aliniuliza polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa wa akili, pombe yote hiyo itatoka wapi. Nikamjibu pombe gani, mimi ninazungumza habari ya uji. Tungeendelea hivyo mpaka jioni kama mkalimani, ambaye nilikuwa nimemkataa, hangesimama akamweleza kwamba mama huyu anataka kumlea mumewe. Siku hiyo nilimsamehe nusu ya dhambi zake.

Hakimu akaweka kalamu chini. Akataka kujua kama mtu wa umri ule anaweza kulelewa. Nikamwambia ninao wanne tayari, na hakuna kitu huyu angefanya ambacho wale hawajafanya, isipokuwa kumvua askari kofia. Hapo ndipo alipocheka. Akaamua hivi: atamweka mikononi mwangu miezi mitatu, na kila asubuhi nitampeleka kwa dresa wa zahanati ya Ruiru apewe dawa. Akinuka pombe hata mara moja, jela inamngoja. Miezi ikiisha turudi, na mimi niseme kwa kinywa changu amekuwaje.

Habari zilifika kwetu Gitothua kabla yetu, na zilifika zimenona. Watu walisema mahakama imenipa mtoto. Basi jirani zangu, wanawake wasiojua kuacha mzaha upite bure, walikuja vile wanavyomwendea aliyejifungua: kuni mgongoni, uji kwenye kibuyu, na njahi, yale maharagwe meusi ya kumpa mzazi nguvu. Waliomba kumwona mtoto. Mtoto alikuwa kitandani amejifunika blanketi akitetemeka. Mmoja akainama akamtazama, akasema amefanana na baba yake. Mwingine akauliza kama ananyonya vizuri. Mume wangu aligeukia ukuta. Lakini ule uji aliunywa, na njahi nilizila mimi, kwa maana niliona nimezistahili.

Siku za kwanza hazikuwa na mzaha. Alitapika, alitoa jasho, aliona wadudu ukutani ambao mimi sikuwaona. Nilidhani ni ukaidi. Dresa akaniambia ni ugonjwa, na kwamba wengi hufungwa wakiwa katika hali hiyo na hakuna anayewapa hata maji. Alimpa dawa chungu, akaniagiza nimpe uji na asiachwe peke yake. Tena akanikataza kumtukana kabla hajanywa dawa ya asubuhi. Kuhusu baada ya dawa hakusema neno, kwa hiyo nilingoja anywe.

Kwa Kalasinga nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza huku akipima ubao, na mimi nikawa nimeshajiandaa kugombana.

“Mimi nangoja yeye,” akasema. “Mimi pia iko ndugu namna hii.” Akarudi kwenye ubao wake, nami nikabaki na matusi yangu yote bila pa kuyaweka.

Alipopata nguvu za kutembea, nilijua miguu itamkumbusha njia. Nikamtangulia kwa wanawake waliopika chang'aa kwa siri, nikaongea nao mmoja mmoja. Sikuwatisha sana. Jioni moja mume wangu alirudi mapema, amevimba kwa hasira. Alikuwa ameenda mahali fulani, hakusema wapi, akaomba kikombe, na mama mwenye nyumba akamwambia hapo hawauzii watoto. Nikampa pole, nikamkaribisha uji. Kisha nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka hadi nikashika ukuta.

Kisha mchana mmoja nilimkuta mlangoni akimenya viazi pamoja na kitinda mimba wetu. Maganda yalitoka membamba, marefu, na mkono wake ulikuwa umetulia. Niliogopa. Kumkasirikia nilikuwa nimezoea, ningeweza kuifanya kazi hiyo nikiwa usingizini. Kumtumaini kulikuwa kitu kigeni, na sikujua ningefanya nini kama angenivunjia hicho pia.

Siku ya kurudi Thika nilivaa viatu vya kuazima. Njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno yangu, kila l mahali pake. Hakimu aliponiuliza kama amepona, yote yakanitoka kichwani.

“Hajanywa,” nikasema. “Kupona, mimi sijui.”

Hakimu alinitazama, akamtazama mume wangu, akasema hiyo inatosha. Hatafungwa. Kuanzia sasa si mtoto wa mtu.

Tulipotoka nje, mkalimani alitufuata akiwa na furaha ya kweli. Akampiga mume wangu begani.

“Wakini, rika langu, leo umekuwa mtu mzima,” akasema. “Twende tuonje kidogo. Moja tu, ya kushukuru Mungu.”

Miezi mitatu nilikuwa nimemjibia kila kitu, hata maswali ambayo hakuulizwa. Sasa mahakama ilikuwa imemtoa mikononi mwangu, na kama angekwenda, angekwenda. Mume wangu alitazama upande wa vilabu vya pombe, na ninajua aliisikia harufu ile kwa sababu hata mimi niliisikia.

“Naogopa,” akasema.

Mkalimani akaanza kucheka, akageuka kutafuta mtu wa kucheka naye. Nilikuwa mimi tu, na mimi sikucheka. Katika ndoa yetu yote sikuwa nimewahi kumsikia akitamka neno hilo, wala mwanamume mwingine wa rika lake mbele ya mwenzake.

“Nikionja moja, sitafika nyumbani,” mume wangu akaendelea. Halafu akanishika mkono, pale mbele ya mahakama, watu wakitutazama, akaniomba tupite njia ya nyuma, ile ya machimbo ya mawe, isiyo na kilabu hata kimoja.

Njia hiyo ni ndefu, na vile viatu vilinichubua visigino vyote viwili. Sikulalamika hata kidogo, na wanaonijua watakuambia hilo halikuwa jambo dogo.