Injini ya Baba Ilivyokwenda Mwakitolyo

Baba yangu alinunua pikapu nikiwa bado sijaanza shule. Aliuza ng'ombe wengi kuipata, na wazee wa ukoo walimnunia kwa muda mrefu. Kijijini kwetu, upande wa Shinyanga Vijijini, mtu aliyebadilisha ng'ombe kwa gari alionekana kama amerukwa na akili. Walimwambia gari halizai. Yeye akawajibu kwamba ng'ombe naye hawezi kumfikisha mama mjamzito hospitali.

Lilikuwa gari la Kijapani, la dizeli, jeupe mvua zinapoanza na la kahawia kiangazi kikikolea. Jina la kampuni sitalitaja. Hata nyumbani hatukulitaja sana. Tulisema "gari" tu, kwa sababu hapakuwa na jingine.

Baba alipenda kutusimulia, mimi na mdogo wangu wa kiume, jinsi magari hayo yalivyofika kwetu. Zamani, alisema, barabara zilikuwa za malori ya Waingereza, mazito, yanayozama kwenye udongo mweusi mpaka yavutwe na maksai. Kisha wanunuzi wa pamba wa mjini wakaanza kuleta pikapu ndogo kutoka Japani. Watu walizicheka. Waliziita makopo ya samaki, wakaapa hazitavuka msimu wa pili. Zikavuka. Zilipita kwenye tope ambamo malori yalilala, zilikunywa mafuta kidogo, na fundi wa baiskeli mwenye uvumilivu aliweza kuzifungua na kuzifunga bila kubakiwa na nati mkononi.

Baadaye kampuni ikabadilisha jina la magari yake. Gari lilibaki lile lile, herufi za nyuma ndizo zikawa mpya. Baba hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

"Wamebatizwa ukubwani," alisema. "Sasa mimi nikienda dukani niulize jina lipi?"

Wenye magari ya aina ile walikuwa wachache na walijuana kama watu wa ukoo mmoja. Alikuwepo mfanyabiashara wa pamba wa Ibadakuli, alikuwepo bwana mifugo, na alikuwepo padri mmoja wa upande wa Bukombe aliyekuja kwetu mara chache. Wakikutana njiani walisimama, wakasalimiana kwa Kisukuma, kisha kila mmoja akafungua boneti ya mwenzake na kuchungulia, kama vile watu wanavyoulizana habari za watoto. Padri yule alipopinduka na gari lake kwenye daraja, yeye mwenyewe alipona, lakini gari halikufaa tena. Alimtumia Baba ujumbe aende akachukue giaboksi. Baba alikwenda na kurudi nayo, akaifuta tope kabla ya kula.

Pikapu ile ilibeba pamba, chumvi, mabati, maharusi na maiti. Mama alishonea viti vitambaa. Mimi nilijifunza kuendesha kwenye shamba la pamba lililokwisha kung'olewa, Baba akiwa pembeni yangu na mdogo wangu amesimama nyuma akishangilia kila gari liliponizimikia. Mama alilalamika kwamba Baba ananiharibu, hakuna mwanamume atakayeoa dereva. Baba akasema pamba haijawahi kuuliza imebebwa na nani.

Hayo ndiyo mazuri, na yaliisha kabla sijaolewa.

Pamba ilikosa bei, ghala la kijiji likafungwa, na mizigo ikapungua. Wakati huo huo ile kampuni nyingine ya Kijapani, ambayo kila mtu anaijua, ilijaza nchi. Walianza na gari za serikali na za miradi, wakafuata matajiri wa dhahabu wa Geita, na mwisho zikaja hizi gari ndogo za abiria tunazoziita michomoko. Kila duka la vipuri likahamia kwenye vipuri vya kampuni hiyo. Nakumbuka nikiwa na Baba kwenye duka moja la Shinyanga mjini, ameshika pampu ya maji iliyopasuka ameifunga kwenye gazeti. Muuzaji, aliyemjua Baba na gari lake, hakulifungua hata gazeti.

"Mzee, shikamoo. Hizo hatuleti tena."

"Marahaba. Hamleti, au zimekwisha?"

"Hatuleti. Zinakaa tu hapa rafuni. Ungekuwa na ile nyingine, ningekupa sasa hivi."

"Mimi nina hii," Baba alisema.

Muuzaji alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Baba kuliko kama angetukanwa. Tulipotoka nje alisimama kwenye kibaraza akitazama magari yaliyoegeshwa barabarani, yote ya kampuni ile nyingine, mpaka nikamvuta mkono.

Kuanzia hapo gari letu liliishi kwa kuwala wenzake. Bwana mifugo alipofariki tulinunua gari lake tukalifungua lote. Yule wa Ibadakuli naye alichoka, akatuachia lake limekaa kwenye majani. Mdogo wangu ndiye aliyefanya kazi hiyo. Alikuwa na mkono mwepesi na sikio zuri, na injini ile aliijua kwa sauti, ikipiga kikohozi kidogo tu anajua ni nozeli ipi ya kurushia mafuta imeharibika. Lakini hakujua nyingine. Hilo nililiona baadaye. Mafundi wenzake walihamia kwenye magari ya wakati huu, yeye alibaki amejifunza gari moja tu, na gari hilo lilikuwa linakwisha duniani.

Baba alipooza upande mmoja msimu wa mvua, asubuhi, akiwa zizini. Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, Mama akakaa naye, mimi nikaketi mbele na mdogo wangu. Hatukufika mbali. Pampu ndogo ya kuvuta mafuta kutoka kwenye tangi ilikuwa imechoka siku nyingi, na tulipofika kwenye mbuga ya udongo mweusi ikakata kabisa. Mdogo wangu aliruka chini. Alichukua dumu la dizeli, akalifunga juu ya paa kwa kamba ya katani, akashusha mpira kupitia pembeni ya boneti mpaka kwenye injini, mafuta yakawa yanateremka yenyewe. Tulikwenda hivyo hadi mjini, mimi nimetoa mkono dirishani nimeshika dumu lisianguke, mvua inaninyeshea hadi kwapani.

Tulifika. Daktari alisema tumechelewa, lakini si sana. Baba aliishi, ila hakuongea tena maneno ya kueleweka. Mdogo wangu alikuwa akiwasha gari kila asubuhi ili mzee asikie, na mzee alikuwa akigeuza uso kwenye ukuta. Hatukujua kama alikuwa akifurahi au akichoka. Alikufa kabla ya mavuno, akapelekwa kaburini kwa gari la kukodi, kwa kuwa letu siku hiyo lilikataa.

Baada ya arobaini alikuja mtu kutoka machimbo ya Mwakitolyo. Alikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na alikuwa akitafuta injini ya dizeli ya kuizungusha. Hakutaka gari, alitaka injini peke yake. Ukoo ulikaa, wajomba wakasema bora iuzwe kuliko ioze. Mama hakubisha. Mimi nilisema ni bora tuiache, lakini sikuwa na sababu ya kuwapa.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia yule mtu, "Ukiichukua, unichukue na mimi. Hakuna mwingine atakayeiweza."

Yule mtu alikubali mara moja. Wakaitoa injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti wa mkuyu, wakaipakia kwenye tela la trekta, na mdogo wangu akapanda nayo. Mke wake, wifi yangu, alifuata na watoto mwezi uliofuata, akaanza kupikia wachimbaji.

Mimi nilikuwa nimekwishaolewa na kuachika, nimepanga chumba Ibadakuli na kuuza vitenge sokoni. Mwanzo habari zilikuwa nzuri. Wifi alinipigia akisema wamepata kiwanja, wamenunua kitanda. Kisha mdogo wangu alipokuja kumsalimia Mama nilisikia kifua chake. Alikohoa akiwa amekaa, akakohoa akiwa amesimama, na alipocheka alishika ubavu. Alisema ni vumbi, litatoka. Safari iliyofuata alikuwa amekonda hadi suruali ameifunga kwa mkanda wa mashine.

Nilipanda mchomoko kwenda Mwakitolyo kumchukua. Karasha zilikuwa zimepangwa mstari mzima chini ya mabati, kila moja na injini yake, na sauti zake zikichanganyika hivi kwamba watu waliongea kwa mikono. Vumbi la mawe lilitanda juu ya kila kitu, jeupe, laini kama unga wa muhogo. Niliiona injini ya Baba imefungwa kwenye magogo, mkanda unazunguka, na karibu yake mtu mweupe kichwa mpaka miguu, amejifunga kipande cha kanga mdomoni. Sikumtambua mpaka alipoishusha ile kanga.

Alinipeleka nyuma ya mabanda ili tusikilizane.

"Twende hospitali," nilimwambia. "Nimekuja kukuchukua."

"Nikiondoka nani ataiwasha, dada?"

"Atatafutwa mtu."

"Wataiua kwa siku chache. Hawajui kuisikiliza."

"Na wewe je? Wewe nani anakusikiliza?"

Aliinamisha kichwa. Nilidhani anafikiri, kumbe alikuwa anasubiri kikohozi kipite. Wifi alikuja na uji akaniambia, mumewe akisikia, "Wifi, mimi nimesema nimechoka. Labda wewe utamweza." Mdogo wangu alikubali kuja kwa sababu mkewe aliongea hivyo, si kwa sababu yangu.

Hospitali walimpiga picha ya kifua. Daktari, kijana mpole, aliniita pembeni. Alisema ana kifua kikuu, na kwamba hicho kinatibika akimeza dawa zote. Lakini lile vumbi lililokaa ndani halitoki. Mapafu yamekwisha kuwa magumu.

"Asirudi kule," alisema.

"Akikaa nyumbani atapona?"

"Asirudi kule," alirudia, na mimi nikaelewa.

Alimeza dawa akiwa kwangu Ibadakuli. Asubuhi alikaa nje akitazama ndege zikitua kwenye kiwanja cha ndege kilicho karibu, siku zinapotua, na jioni aliniuliza kama kuna mtu yeyote wa Mwakitolyo amepiga simu. Alipopata nguvu kidogo alirudi. Nilimkatalia, nikamlilia, nikamfungia viatu kabatini. Aliondoka na malapa.

Alikuta injini imekufa. Waliiacha ichemke bila maji mpaka ikakamata isizunguke tena, shafti ikapinda. Na umeme ulikuwa umeshafika machimboni, kwa hiyo mwenye karasha alikuwa amefunga mota, haitaki dizeli wala fundi, inawashwa kwa kubonyeza. Alimwambia mdogo wangu pole, akampa chai. Injini ilikuwa imelala nje kwenye tope, imeshafunguliwa kila kilichofunguka.

Hakurudi nyumbani. Alimwacha wifi pale, akaenda Geita, kwa kuwa alisikia kuna gari kama lile la Baba kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Alikuwa na mpango wa kupata shafti, aifufue injini, aombe kazi kwa mtu mwingine ambaye umeme haujamfikia. Alinieleza mpango huo kwa simu akihema katikati ya kila neno. Nilimwuliza kama hilo gari amelikuta.

"Nimelikuta," alisema. "Wameshalikata. Wanauza kwa kilo."

 Nilisikia bodaboda zikipita upande wake.

"Chasisi niliitambua," akasema tena. "Ilikuwa ya dizeli kama yetu."

Nilimwambia apande basi aje. Alikuja, na safari hii hakubisha lolote. Nilimpeleka kijijini kwa Mama kwa sababu alitaka hivyo. Alilala chumba cha mbele, mito imepangwa mgongoni, maana akilala chali alikuwa anakosa pumzi kama mtu anayezama. Mama alimkanda maji ya moto. Wajomba wale waliosema injini iuzwe walikuja kumwona, wakakaa, wakaondoka. Hakumlaumu mtu. Siku moja aliniuliza kama nakumbuka harufu ya viti, vile vitambaa vya Mama vikipata jua. Nilisema nakumbuka. Nilikuwa nimesahau.

Alifariki mchana, watu wako shambani, mimi nimetoka kuchota maji. Nilikuta Mama amemshika miguu.

Baada ya msiba wifi alikaa na sisi kidogo, kisha akasema hawezi kulisha watoto kwa kukaa. Alikwenda nao Geita kupika kwenye machimbo ya huko, kwa kuwa Mwakitolyo hakutaka kupaona tena. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alisema atapiga simu akifika, na akapiga. Akapiga tena baada ya hapo, akasema mtoto mkubwa ameacha shule, amepata kibarua cha kuponda mawe. Nilimwomba amnunulie barakoa. Alisema wanazo, ila zinawabana pumzi, hawazivai.

Tangu mvua za vuli namba yake haipatikani. Nimewauliza madereva wa Geita, nimemtuma mtu mmoja aulizie, akaniambia kule watu huhama kila dhahabu inapohama. Mama sasa haoni vizuri. Kila nikienda kijijini huniuliza wajukuu wake wanaendeleaje, na mimi humwambia hawajambo, mtandao tu ndio mbaya. Yeye huitikia, lakini sidhani kama ananiamini.